Wakili wa mfugaji



Katika safu hii tumezoea kueleza kazi za watu: kazi ya mwashi, ya mganga, ya karani, ya mkunga. Juma hili tunataka kusema habari za kazi ambayo wengi huiogopa na wengine huidharau, nayo ni kazi ya wakili, yule ambaye mjini tumezoea kumwita avoka. Wala hatutasema habari za mawakili wote. Wako wanaotunga mikataba ya biashara. Wako wanaowatetea watu walioshtakiwa kwa wizi. Wako wanaoshughulika na urithi na mashamba. Sisi leo tutamtazama yule anayemsaidia mtu aliyeumizwa: mtu aliyegongwa na gari kwa uzembe wa dereva, mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine isiyofunikwa, au jamaa iliyokunywa maji yenye sumu pasipo kujua. Wakili huyo husimama mbele ya hakimu na kumwuliza mwenye kosa: Umemwumiza mwenzako, utamlipa nini?

Sheria hiyo si ngeni kwetu. Katika kitabu cha sheria za Kongo, tangu amri ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258 chaeleza kwamba kila tendo la mtu lililomletea mwenzake hasara humpasa yule aliyekosa kuilipa hasara hiyo. Na kifungu kinachofuata chaongeza kwamba mtu hujibu kwa uzembe wake pia na kwa kutoangalia kwake. Hata kabla ya amri kuandikwa, wazee wetu walijua kwamba aliyeacha mbuzi zake zile shamba la jirani hana budi kulipa. Lakini sheria kitabuni ni kama jembe lililotundikwa ukutani: pasipo mtu wa kulishika, halilimi.

Basi, ili tuone namna jembe hilo linavyoshikwa, tumechagua mfano wa wakili mmoja wa Marekani ambaye maisha yake na mashauri yake yanajulikana wazi. Jina lake ni Robert Bilott.

Asili yake

Bwana Bilott alizaliwa mwaka wa 1965 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga, na kama ilivyo desturi ya askari, jamaa ilihamahama kutoka kambi hii hadi nyingine. Mtoto huyo alipitia shule nane kabla ya kumaliza masomo ya sekondari huko Fairborn, katika jimbo la Ohio. Sisi walimu twajua maana ya jambo hilo. Mtoto anayebadilisha shule mara nyingi hujifunza kutazama na kusikiliza kabla ya kufungua kinywa. Baadaye alisoma siasa na mambo ya miji katika chuo kidogo huko Florida, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha jimbo la Ohio, akamaliza mwaka wa 1990.

Mwaka huohuo alipata kazi katika nyumba ya mawakili iitwayo Taft Stettinius & Hollister, mjini Cincinnati. Ni nyumba ya siku nyingi, iliyoanzishwa mwaka wa 1885, na wateja wake wengi ni kampani kubwa. Kazi ya kijana Bilott ilikuwa kuwaongoza wenye viwanda, hasa viwanda vya kemia, wapate kufuata sheria za kusafisha mahali palipotupwa takataka zenye sumu. Alijua karatasi zipi kampani huandika, vipimo vipi huwekwa, na barua zipi hupelekwa serikalini. Tuseme wazi: alikuwa upande wa wenye viwanda, wala hapakuwa na aibu katika hilo, maana hata mwenye kiwanda ana haki ya kuongozwa katika sheria. Hakuwa amewahi kuwaza kwamba siku moja angesimama upande wa pili.

Jambo moja la utoto wake lilibaki rohoni. Bibi yake alikaa katika mji mdogo wa Vienna, karibu na Parkersburg, jimbo la West Virginia, kandokando ya mto Ohio. Mjukuu alizoea kwenda huko kumtazama. Mara moja bibi alimpeleka kwenye shamba la marafiki zake, wafugaji wa ng'ombe, na mtoto yule akapanda farasi, akajaribu kukamua maziwa. Siku hiyo ndogo ya furaha ndiyo iliyoleta mambo yote yanayofuata.

Simu ya mfugaji

Mwaka wa 1998, miezi michache tu kabla ya Bilott kupandishwa cheo na kuwa mmoja wa wakuu wa nyumba yake, simu ililia mezani pake. Aliyesema alikuwa mfugaji wa Parkersburg, Wilbur Tennant. Alisema kwa hasira na kwa matamshi ya watu wa milimani, hata wakili asielewe nusu ya maneno. Ng'ombe zangu zinakufa, alisema, na nadhani kampani ya DuPont yajua sababu. Bilott alikuwa karibu kuiweka simu chini. Ndipo mfugaji alipolitaja jina la bibi yake. Wale marafiki wa zamani wa bibi walikuwa jirani zake Tennant. Walikumbuka kwamba mjukuu wa mwenzao amekuwa wakili, wakampa mfugaji namba yake.

Juma moja baadaye Tennant na mkewe walifika Cincinnati wamebeba masanduku yaliyojaa picha, karatasi na kanda za filamu alizozipiga mwenyewe. Bilott pamoja na mkubwa wake waliketi wakatazama. Waliona kijito chenye povu. Waliona ng'ombe wamekonda, macho yamegeuka rangi, meno yamekuwa meusi. Waliona mfugaji akimpasua ndama aliyekufa ili aonyeshe ini na moyo vilivyoharibika, kwa sababu hakupata mganga wa nyama aliyekubali kuja.

Asili ya mambo ilikuwa hivi. Ndugu yake Tennant alifanya kazi katika kiwanda cha DuPont kilicho karibu na Parkersburg. Katika miaka ya 1980 jamaa ile iliiuzia kampani ekari 66 za ardhi, na kampani ikafanya huko shimo la takataka. Kijito kiitwacho Dry Run kilipita hapo, kikatelemka mpaka malishoni. Ng'ombe walikunywa maji ya kijito hicho.

Je, Tennant alikuwa amekaa kimya? La. Alikwenda kwa wakubwa wa serikali, wala hakupata msaada. Alitafuta mawakili wa mjini, wote wakakataa, maana DuPont ilikuwa ndiyo mwajiri mkubwa wa nchi ile. Baadaye, shauri lilipokwisha kuingizwa, waganga wa nyama sita walichunguza, watatu wamechaguliwa na kampani na watatu na serikali. Wakaandika kwamba kosa ni la mfugaji mwenyewe, hakulisha vizuri ng'ombe zake wala hakufukuza nzi. Rafiki zake walianza kumpita njiani bila salamu. Jamaa ilibadilisha kanisa mara nne, kwa kuwa watu hawakutaka kuketi nao. Tufikiri kidogo, wasomaji: mtu amepoteza ng'ombe zaidi ya mia, kisha apoteza na majirani. Huyo ndiye mteja wa Bilott.

Namna yake na wateja

Nyumba ya Taft ilikubali shauri hilo kwa mapatano ya namna hii: mfugaji hatalipa kitu sasa, wakishinda, wakili atapata sehemu ya fedha, wakishindwa, wakili amepata hasara. Mwaka wa 1999 shauri liliingizwa mbele ya hakimu. Tangu hapo twaona mambo manne katika namna ya Bwana Bilott kuwatendea wateja wake, na tungependa kuyapima moja moja.

La kwanza, alimwamini mteja kiasi cha kwenda kutazama. Wengine walisikia sauti ya hasira, wakasema: mzee huyu ana kichaa. Hasira si ushahidi, lakini wala si uongo. Alikwenda shambani, akatazama. Mtu aliyeumizwa mara nyingi hasemi kwa utaratibu. Huanza katikati, hurudi nyuma, hulia, hutukana. Wakili asiyevumilia hayo hawezi kuujua ukweli ulio ndani yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; nayo haki ya mnyonge huanza kwa sikio.

La pili, alisoma yeye mwenyewe. Mwaka wa 2000 alikuta katika barua moja ya kampani jina la kitu asichokijua, PFOA, ambacho wafanyakazi walikiita C8. Hakuwa mtaalamu wa kemia. Aliomba karatasi zote zinazohusu kitu hicho, kampani ikakataa, hakimu akaamuru zitolewe. Zikafika kwa masanduku mengi, karatasi zaidi ya 110,000, nyingine za miaka hamsini iliyopita, zimechanganyika ovyo. Labda walidhani atachoka. Bilott aliketi sakafuni katika chumba chake miezi kadhaa, akazipanga kwa tarehe, ya kwanza hata ya mwisho. Wanafunzi, angalieni! Hakufanya muujiza. Alipanga karatasi kwa tarehe, akasoma.

Naye aliona nini? Aliona kwamba kampani ya 3M ilianza kutengeneza C8 mwaka wa 1947, na DuPont ikaanza kuinunua mwaka wa 1951 kwa kazi ya Teflon, ule utando unaofanya chakula kisishike sufuriani. Aliona kwamba tangu mwaka wa 1961 watafiti wa DuPont wenyewe walijua kuwa kitu hicho huvimbisha ini la panya na sungura. Aliona kwamba mwaka wa 1981 walipima watoto waliozaliwa na wanawake wafanyakazi wa kiwanda, na katika watoto saba wawili walikuwa na kasoro za macho. Aliona kwamba mwaka wa 1984 walikikuta kitu hicho katika maji ya kunywa ya vijiji vya jirani, wala hawakuwaambia watu. Na aliona kwamba maelfu ya tani ya matope yenye C8 yalikuwa yametupwa, na mengine yamepelekwa kwenye shimo lile juu ya kijito cha Tennant. Mzee aliyeitwa mwenye kichaa alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

La tatu, hakumtenga mteja mmoja na jirani zake. Ng'ombe wa Tennant walikunywa maji ya kijito, lakini watu walikunywa ya mabomba. Mnamo Machi 2001 Bilott aliipelekea serikali barua yenye karatasi 972, pamoja na ushahidi wake, akaeleza yote aliyoyaona. DuPont ilimwomba hakimu amfunge kinywa, hakimu akakataa. Mwaka huohuo kampani ilipatana na jamaa ya Tennant na kuwalipa. Hapo wakili angaliweza kufunga faili, kupokea sehemu yake, na kurudi kwa wateja wake wa zamani. Lakini mwalimu mmoja wa shule, aliyekuwa amepokea barua ya maji ambayo hakuielewa, alimpigia simu. Agosti 2001 Bilott akaingiza shauri la pili, safari hii kwa ajili ya wakazi wote wa wilaya sita za maji, watu wapatao 70,000, wa pande zote mbili za mto Ohio.

Twataka kusimama kidogo kwa mwalimu huyo, kwa kuwa ni mwenzetu wa kazi. Karatasi ilifika nyumbani, imeandikwa kwa maneno ya kutuliza, yasema kuna kitu majini lakini ni kidogo. Wengi waliitupa. Yeye aliisoma mara ya pili, akauliza huku na huku, ofisi moja hata nyingine, mpaka akafika kwa wakili. Kazi ya wakili haianzi pasipo mtu wa namna hiyo.

La nne, alingojea pamoja nao. Mwaka wa 2004 DuPont ilikubali kutoa dolari milioni 70 na kuweka mitambo ya kuchuja maji. Kisha pande mbili zikachagua wataalamu watatu wa magonjwa, wasio wa upande wowote, wachunguze kama C8 huleta ugonjwa. Mapatano yalikuwa makali: wataalamu wakiona uhusiano na ugonjwa fulani, kampani haitaweza kukana tena kwamba C8 huweza kuuleta, wasipoona, wakazi hawataweza kushtaki kwa ugonjwa huo. Fedha zile hazikugawanywa ovyo. Zilitumiwa kuwapima watu, kila aliyejibu maswali na kutoa damu akapewa dolari 400. Watu wapatao 69,000 walikuja. Si rahisi katika historia ya uganga kupata damu ya watu wengi namna hiyo katika nchi moja ndogo kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Kisha kazi ya wataalamu ikachukua miaka saba na zaidi. Hapo ndipo tabia ya wakili inapojulikana. Simu zililia. Huyu asema: mume wangu amepatikana na kansa, yule asema: tumemzika mama, mbona mnakawia? Bilott hakuwa na jibu jingine ila lile la ukweli, kwamba bado wanachunguza. Tennant mwenyewe alikufa mwaka wa 2009 kwa ugonjwa wa moyo. Miaka miwili baadaye mkewe akafa kwa kansa. Mwaka wa 2010 wakili naye alianza kushikwa na ugonjwa wa ajabu: macho kufifia, mikono kufa ganzi, waganga wasione sababu.

Mwisho, kati ya Desemba 2011 na Oktoba 2012, wataalamu walitoa neno lao. Waliona uhusiano kati ya C8 na mambo sita: kansa ya figo, kansa ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, wingi wa kolesteroli katika damu, na kupanda kwa damu kwa wanawake wenye mimba. Hata hivyo kampani ilichagua kushindana na kila mgonjwa peke yake, nao walikuwa zaidi ya 3,500. Mwaka wa 2015, mjini Columbus, baraza lilimpa mama mmoja mwenye kansa ya figo dolari milioni 1.6. Wengine wawili wakashinda baada yake. Februari 2017, DuPont pamoja na kampani ya Chemours iliyozaliwa kwake zilikubali kulipa dolari milioni 671 kwa mashauri yote yaliyobaki, ila hazikukiri kosa. Tangu simu ya mfugaji miaka kumi na minane na zaidi ilikuwa imepita.

Maswali mawili

Msomaji mmoja atatuuliza: Je, wakili huyo hakutajirika kwa machozi ya watu? Swali ni la haki. Katika mapatano ya 2004 mawakili walipata dolari milioni 21.7, nazo ni fedha nyingi sana. Lakini tupime pande zote. Mfugaji hakuwa na fedha za kulipa wakili kwa saa, wala mwalimu, wala mjane. Mapatano ya kulipwa baada ya ushindi ndiyo mlango pekee waliokuwa nao, na yule aliyeufungua alikuwa tayari kupoteza kazi ya miaka. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Dhambi si kulipwa. Dhambi ni kumficha mteja kiasi cha malipo, kumharakisha apatane kwa bei ndogo ili wakili apate sehemu yake mapema, au kumwahidi ushindi ambao hakuna awezaye kuuahidi. Katika kumpima wakili tuyatazame hayo matatu.

Msomaji wa pili, labda baba mwenye kazi katika kampani kubwa, atasema: Kiwanda hutulisha, mtu akikishtaki, watoto wetu watakula nini? Swali hili ni zito, na watu wa Parkersburg walilijua kuliko sisi. Ndilo lililowafanya wampite Tennant njiani. Hatuwezi kulipuuza, kwa maana njaa ni mgonjwa anayejulikana katika kila nyumba. Lakini tutazame yaliyotokea. Kiwanda hakikufungwa. Kilichofungwa ni kinywa cha uongo. Na wa kwanza kuumia kwa C8 walikuwa wafanyakazi wenyewe, na akina mama waliokuwa wakibeba mimba mbele ya mashine. Mshahara hulipa kazi ya mikono. Haununui ini la mtu wala macho ya mtoto wake. Tena Bilott hakuwa adui wa viwanda. Kwa sababu alikuwa amewaongoza wenye viwanda miaka minane, alijua kiwanda chenye uangalifu kinavyofanya kazi, na kwa hiyo akatambua upesi kile kisichofanya hivyo.

Matunda yake hayakuishia Parkersburg. Mwaka wa 2005 DuPont ilikubali kulipa dolari milioni 16.5 kwa serikali, kwa kuwa ilificha yale iliyoyajua. Kampani kubwa za Marekani zilitakiwa kuiacha C8 kabisa kufikia mwaka wa 2015. Mwaka wa 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yaliiweka katika orodha ya sumu za kukomeshwa, ila ruhusa chache zikaachwa. Aprili 2024 serikali ya Marekani iliweka kipimo kwa maji ya kunywa: isizidi sehemu nne katika sehemu milioni milioni. Hata hivyo sumu hiyo haiozi upesi. Imeonekana katika damu ya watu karibu wote waliopimwa katika nchi ile, na wengi wao hawajapata kuliona shimo la Dry Run. Hukumu yaweza kulipa hasara na kuzuia hasara mpya, lakini haiwezi kumrudishia Tennant afya yake, wala kuitoa damuni sumu iliyokwisha kuingia.

Yatupasayo sisi

Twaweza sasa kujiuliza: mtu wa kwetu akiumizwa kwa kosa la mwingine, afanye nini? Tutasema machache, kama mwalimu asemavyo na wazazi wa wanafunzi wake.

Kwanza, aende kwa mganga upesi, na aombe cheti kinachoonyesha tarehe na jeraha. Kidonda kilichopona hakisemi tena mbele ya hakimu, cheti husema.

Pili, aandike au amwombe mtoto wake anayesoma shuleni amwandikie: siku gani, saa gani, mahali gani, nani alikuwapo. Akiwa na njia ya kupiga picha, apige. Tennant hakuwa mtu wa shule nyingi, lakini picha zake na masanduku yake ndivyo vilivyomfungulia mlango.

Tatu, asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, hata ikiletwa pamoja na fedha kidogo za pole. Amwite kwanza mtu anayejua kusoma vizuri, naye asome mpaka mstari wa mwisho.

Nne, akitafuta wakili, amwulize wazi: utalipwa nini, na lini, na tukishindwa itakuwaje? Majibu yaandikwe. Mtu anayekuja mwenyewe hospitalini, anaahidi mali nyingi na kudai fedha kwanza, huyo ni dalali wa misiba. Na ajihadhari naye. Wakili mwema haoni haya kusema: sijui bado, nitasoma.

Tano, asikawie. Sheria ina muda wake, na mashahidi husahau, huhama, hufa.

Na sisi majirani tuna sehemu yetu. Jirani akianza kusema kwamba maji yana ladha mbaya, au kwamba kuku zake zinakufa karibu na mfereji wa kiwanda, tusimwite mwenye kichaa kabla ya kwenda kutazama. Kumsalimu njiani hakugharimu kitu. Watu wanne au watano waliosimama na mfugaji yule tangu mwanzo wangemsaidia kuliko salamu nyingi za baada ya hukumu.

Nanyi wanafunzi, mnaotuuliza mara nyingi faida ya kupanga madaftari, ya kuandika tarehe juu ya ukurasa, ya kusoma somo la kemia wakati mnataka kuwa mawakili, sasa mmesikia. Siku moja mtu maskini ataweka sanduku la karatasi mezani penu. Afadhali mjue kusoma.

Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda, nasi tutaeleza kazi ya mpima ardhi na sababu za magomvi ya mipaka. Kaeni kwa amani.